Ripoti za Jumapili

Nani aliwadanganya watu kwamba anayefanyia kazi nyumbani hana kazi? Muulizeni Muthoki. Anakaa Donholm, Nairobi, ghorofa ya nne, lifti hakuna, maji huja yakipenda, na tangu mama yake apatwe na kiharusi ndugu zake wana wimbo mmoja: wewe si uko kwa nyumba. Eti uko kwa nyumba. Kana kwamba nyumba ndiyo inayomwosha mama, inampikia uji, inamgeuza kitandani, halafu inaketi mezani na kuandika.

Kazi yake ni kuandika matangazo. Hajaajiriwa na mtu, anajitegemea, maana yake ni kwamba ana wakubwa wengi badala ya mmoja. Wiki hii anaandikia muuza magodoro, wiki ijayo kliniki ya meno, halafu watu wa kufundisha udereva. Kazi nyingi humfikia kupitia kwa Eve, mwanamke mwenye ofisi ndogo mjini na haraka kubwa. Ukipewa kikaratasi pale sokoni Muthurwa kinachokuambia godoro fulani litakuamsha ukiwa mtu mpya, usikitupe ukicheka. Kuna mtu aliumwa na mgongo kwa ajili ya sentensi hiyo.

Eve ana sheria zake, na Muthoki alikuwa amezimeza zote. Anza na raha, maliza na raha zaidi. Malalamiko toa. Neno linaloleta huzuni toa. Sentensi ikirefuka ikate, na ikikataa kukatika itoe yote. Mtu ana shida zake tayari, Eve husema, hawezi kununua za mwingine.

Kuandika kwenyewe si mzigo mkubwa. Mzigo ni kusahihisha ulichokiandika wewe mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, na nyani haoni kundule, wahenga walishasema wakamaliza. Makampuni makubwa yana wahariri wa kukaa na kahawa na kutafuta makosa ya wengine. Muthoki ana Muthoki. Basi alijitafutia mbinu zake. Andiko akilimaliza huliacha lilale, aende akafue nguo, arudi akiwa kama mgeni kwalo. Huzifanya herufi ziwe kubwa kwenye kompyuta ili asilizoee. Wakati mwingine huanza kusoma sentensi ya mwisho akipanda juu, mpaka maneno yapoteze maana na kosa libaki uchi. Lakini mbinu aliyoiamini kuliko zote ni kumsomea mtu kwa sauti. Jicho lina huruma, hupita juu ya kosa lake na kulisamehe. Sikio halisamehi.

Na mtu wa kumsomea alikuwa naye ndani ya nyumba. Mama yake, Kaluki, aliuza ndengu na maharagwe katika soko la Jericho tangu Muthoki akiwa wa kubebwa mgongoni, na huyo ni mwanamke aliyejua kusikiliza maneno ya biashara. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto, mkono na mguu, lakini ulimi kilimwachia, ila tu maneno yalitoka polepole, moja moja, kama mtu anayechambua mawe kwenye ndengu. Alikuwa akiketishwa kwenye kiti chenye mikono karibu na roshani, mahali ambapo jua hupenya kidogo kati ya majumba, na hapo husomewa habari za magodoro na meno. Muthoki humtazama usoni. Mama akifumba macho, anajua aya hiyo inachosha. Akikunja uso, kuna uongo umezidi mahali.

Sasa sikieni jinsi mtu anavyojichimbia shimo kwa kalamu yake.

Familia ina kikundi chao cha WhatsApp, kama kila familia. Kaka mkubwa, Matheka, ni karani katika ofisi moja kwenye mji wa Wote na nyumba yake ameijenga hukohuko nyumbani kwao. Dada, Nzembi, ameolewa Machakos. Walikubaliana mwanzoni kabisa kwamba Muthoki, kwa kuwa ndiye aliye karibu na hospitali, atakaa na mama kwa muda, na kila Jumapili ataandika ripoti ili wasiwe na wasiwasi. Matheka naye angejenga chumba cha mama, cha chini, mlango mpana, kinachotazama zizi la mbuzi. Kikikamilika, mama angerudi kijijini.

Ripoti ya kwanza Muthoki aliiandika ikiwa na ukweli wote. Mama ameanguka bafuni. Mama amelia akiniomba msamaha kwa kulowesha shuka, na mimi nikalia pia. Sijalala vizuri. Lakini kabla ya kuituma aliisoma upya, kama anavyosoma kazi zote, na mkono ukaenda wenyewe. Akatoa kuanguka, maana Nzembi ana presha. Akatoa shuka, maana ni aibu ya mama. Akajitoa yeye mwenyewe, maana nani aliuliza habari zake? Kilichobaki kilikuwa safi kabisa: Mama anaendelea vyema, leo amemaliza uji wote na ametabasamu, tumshukuru Mungu. Ikamiminika mioyo myekundu na mikono ya kusali. Muthoki aliona raha, nisiseme uongo. Alijisikia amefanya kazi nzuri.

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumapili mama alitabasamu, hata Jumapili alizoshinda ameugeukia ukuta. Muthoki alikuwa anaandika kwa uchovu ule wa mtu ambaye hata kulalamika kumemshinda, na kadiri alivyochoka ndivyo ripoti zilivyozidi kung'aa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mficha uchovu je? Huyo huongezewa mzigo.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimemshikilia: chumba cha kule Wote. Alikingojea kama mtoto anavyongojea Krismasi. Matheka alipotuma picha ya mabati, alifurahi siku nzima. Alipotuma picha ya mlango, alienda dukani akajinunulia soda. Hakuwa na mpango wowote wa maana mama akiondoka. Hakutaka kusafiri wala kujirusha mahali. Alitaka kulala mpaka mwili useme basi, aamke, na asiwe na mtu wa kumgeuza.

Basi Jumamosi moja asubuhi alikuwa akimsomea mama tangazo la matangi ya maji, tangi lisilopasuka, tangi la vizazi na vizazi, mama amekunja uso pale kwenye vizazi na vizazi, simu ikalia. Alikuwa Matheka, kwenye kikundi.

"Hamjambo nyote. Tumeshauriana na Nzembi. Kwa jinsi tunavyosoma ripoti za Muthoki kila Jumapili, mama amenawiri sana huko Nairobi, na hatuoni haja ya kumsumbua na safari. Abaki. Kile chumba kuna mwalimu anakitaka, atakuja kukiona leo jioni. Mwenye maoni aseme mapema. Muthoki, Mungu akubariki, umetuondolea wasiwasi."

Nzembi alikuwa ameshaweka amina na mikono ya kusali.

Muthoki alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili kutoka chini kwenda juu, pengine maana ingepotea. Haikupotea. Miaka yote ya kuandika matangazo hakuwahi kumwona mnunuzi kwa macho yake, mtu aliyesoma maneno yake na kuyaamini na kutoa uamuzi. Leo aliwaona. Ni ndugu zake wa tumbo moja, na uongo walioununua ni wake. Akaigeuza simu kifudifudi mezani.

Mama akamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, ni watu wa kikundi wanasalimiana.

Kwanza alimaliza kazi ya Eve, kwa sababu Eve hangojei kiharusi cha mtu. Akatoa vizazi na vizazi, akatuma. Halafu akachukua kompyuta na kukaa mezani kumjibu kaka yake, na maneno yakamtoka kama maji ya mfereji uliopasuka. Aliandika bila kusimama. Aliandika kwamba mama hajanawiri, mama amevimba. Kwamba ripoti zile ni yeye aliyezisafisha, na aliona haya kusema ukweli. Kwamba anampenda mama yake, na kuna asubuhi anasimama nje ya mlango wa chumba chake na kushindwa kuingia. Kwamba amechoka, amechoka kwa kazi na amechoka na mama pia, na kama chumba atapewa mwalimu basi waje wawachukue wote wawili, yeye na mama.

Alipomaliza akasoma alichoandika. Akafanya alichozoea kufanya, akaanza kusahihisha.

Kwanza, mtu huanza na salamu, hasa kwa kaka mkubwa. Akaweka salamu. Ile ya kusimama nje ya mlango, hapana, Nzembi angelia. Ikatoka. Kuvimba kukawa kuongezeka uzito kidogo. Amechoka na mama, Mungu wangu, hiyo mtu huandika? Ikatoka haraka. Baada ya hapo yote yaliyokuwa yameshikamana na maneno hayo yakawa hayana pa kukaa, yakatoka moja baada ya jingine. Akang'arisha mwanzo. Akalainisha mwisho. Alikuwa fundi wa kweli, na fundi hakosi kazi. Akabaki na hii:

"Asante sana kaka. Ni kweli mama anaendelea vizuri. Ila nilikuwa naomba, ikiwezekana, tuangalie tena ule mpango wa mwanzo. Mbarikiwe."

Akilini alimwona Matheka akiisoma kwenye kiti chake, miguu imenyooshwa. Alimsikia akisema sawa, tutaangalia. Alimwona na mwalimu pia, akiingiza kitanda chake kupitia mlango mpana.

Hasira zikampanda. Si kwa Matheka, Matheka alisoma alichoandikiwa. Alijikasirikia yeye, mtu mzima mwenye kuuza magodoro ya wengine akashindwa kuomba usingizi wake. Akabonyeza kurudisha nyuma, akabonyeza tena, akaendelea kubonyeza mpaka andiko la kwanza likarudi lote, na kuvimba kwake na mlango wake na uchovu wake. Hilo ndilo angetuma.

Lakini desturi ni kitu kigumu. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kutuma jambo zito bila kulisikia kwanza kwa sikio. Akaingia jikoni na kompyuta, akaufunga mlango nusu, akainama juu ya jiko kama mwizi na kuanza kujisomea kwa kunong'ona. Nyumba zenyewe mnazijua, ukipiga chafya jikoni mtu wa sebuleni anakuombea heri.

"Muthoki," mama akaita. "Unasoma nini peke yako?"

Akajibu ni kazi. Mama akasema kazi husomwa hapa, kwani leo wanauza nini cha siri? Akajaribu kusema haijakamilika, bado ina makosa. Mama akangoja, na Muthoki hakuwahi kumshinda mama yake kwa kungoja. Akaenda na kompyuta na kukaa kwenye kigoda chake cha kila siku, magoti yao yakigusana.

Akaanza. Alisoma salamu ambayo haikuandikwa. Alisoma kwamba mama anaendelea, ila kidogo tu ameongezeka uzito. Alikuwa anahariri kwa mdomo, palepale, jicho likiona neno moja na ulimi ukisema lingine, na hata kwa fundi kama yeye hiyo ni kazi. Sauti ikawa inakwama. Mama akainua mkono wake mzima na kuushusha juu ya kompyuta.

"Soma kilichoandikwa."

Muthoki akamwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, si kizuri."

"Sikukuuliza kama ni kizuri."

Akasoma. Alisoma kwa sauti ya chini akiangalia herufi, hakuthubutu kuinua macho kuona kama mama amekunja uso au amefumba macho, zile alama zake alizozitegemea siku zote. Alisoma kuvimba. Alisoma kusimama nje ya mlango. Alipofika pale pa kuchoka na mama, ulimi uliruka neno, ikabidi arudie sentensi ile kuanzia mwanzo, kwa hiyo mama akaisikia mara mbili. Alisoma mpaka neno la mwisho. Chini mtu alikuwa akiita wateja wa mandazi. Muthoki alikuwa analia bila kelele, aibu imemjaa mpaka masikio yanawaka.

Mama akauliza kama amemaliza. Akasema ndiyo.

"Sasa andika," mama akasema. "Andika na mimi nimechoka."

Muthoki aliinua macho. Uso wa mama haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mwanamke wa sokoni aliyeshinda siku nzima akimngoja mtu mmoja aulize bei.

Na mama akaendelea, polepole, neno na neno, na Muthoki akaandika kwa sababu mikono yake haijui kufanya lingine. Kwamba amechoka na ghorofa, tangu aletwe hapa hajakanyaga udongo ila siku za hospitali. Kwamba amechoka kuoshwa na mtu anayeangalia saa. Amechoka kusomewa matangi na magodoro na mtu ambaye hamuulizi ameota nini. Kwamba mchana hujifanya amelala ili Muthoki apumzike, na Muthoki badala ya kupumzika anafungua kompyuta, na yeye analala pale na macho yamefumbwa, usingizi hana, mpaka mwili unamwuma. Hiyo Muthoki aliiandika akasimama kidogo. Alikuwa ameziita saa hizo, moyoni mwake, saa za bahati.

Moyo ulimwuma, na ulimwuma mahali asipopatarajia. Yeye kuchoka na mama alishajizoesha. Mama kuchoka na yeye, hilo halikuwahi kumpitia akilini. Alidhani kwamba katika nyumba ile uchovu ulikuwa wake peke yake.

"Umeandika?" mama akauliza.

"Nimeandika."

"Weka na hii. Mwambie Matheka anichukue kabla hatujachukiana."

Vidole vya Muthoki vilisimama. Kila kitu alichofundishwa kilimwambia neno lile ni zito, litoe, litafutie lingine, sema kabla hatujakwazana, sema kabla mambo hayajaharibika. Akamtazama mama. Akaliandika lilivyo. Kisha hakulilaza andiko, hakukuza herufi, hakulisoma kutoka chini. Akalituma kwa kikundi lote, lake na la mama, na makosa yake yote.

 Moyo mwekundu haukuja hata mmoja. Nzembi alionekana anaandika, akaacha, akaandika tena, akaacha. Halafu simu yenyewe ikalia, Matheka anapiga, mtu ambaye mwaka mzima alikuwa mtu wa kuandika.

Hakusalimia. Aliuliza kwa sauti ndogo, ambayo Muthoki hakuwa ameisikia tangu wazike baba yao, "Hayo ya mwisho amesema mama, ama ni wewe?"

Muthoki akamtazama mama yake. "Ni sisi wawili," akasema.

 Matheka akasema atamwambia yule mwalimu atafute kwingine. Akasema mbona hukutuambia, na kabla hajajibiwa akajijibu mwenyewe kwamba hata wao hawakuuliza, walikuwa wakisoma tu. Akasema atatafuta gari lenye kiti cha kulaza na kuja Jumatatu. Hapo akakata simu bila kuaga.

Muthoki akaweka simu chini. Alitegemea furaha, ile aliyoingoja tangu picha ya mabati, na ikaja kweli, lakini ilikuja imeshikana mkono na huzuni na hakuweza kuzitenganisha. Mama akamuuliza wamesema lini. Akamwambia Jumatatu.

Mama akaugeuza uso kwenye lile jua dogo la roshani.

"Jumatatu ni mbali," akasema.

Muthoki, ambaye alikuwa anawaza hivyohivyo, akasogeza kigoda karibu zaidi, akaushika ule mkono usiohisi kitu, na kumuuliza usiku uliopita alikuwa ameota nini.